Joho Lililoapiwa

Joho jeusi lilikuwa na joto. Zumurudi alilitoa nyuma ya pazia baada ya baraza, akasimama nalo mikononi akishangaa, maana asubuhi ile hakuna aliyelivaa.

Kosa alilijua ni lake. Pale Mosuli maamiri hawamwoni mfalme. Yeye hukaa nyuma ya pazia, mkono wa joho lake ukining'inia nje, nao huja mmoja mmoja kuubusu na kuapa utii. Mfalme mwenyewe, Sunkuri, alikuwa na miaka sita, na siku ile aliamka na homa. Zumurudi, yaya wake, akamwonea huruma. Akashindilia pamba kwenye mkono wa joho, akautoa nje, akamwacha mtoto alale. Maamiri arobaini wakaapa. Mzee mmoja tu ndiye aliyeinuka akishika shavu, akanong'ona, "Kanifinya."

Homa ikaisha, uchovu ukabaki, na joho likaendelea kukaa barazani bila yeye. Kila baraza likipita, Sunkuri alizidi kukonda. Nyuma ya pazia kukawa kunanuka udongo mbichi, na joho likiwa limetundikwa ukutani lilisikika likikwaruza chokaa.

Zumurudi akamwendea Shehe Bakhtiyari.

"Mmekiapia kiti kitupu, bibi," shehe alisema kwa sauti ya chini. "Kimepata mkaaji. Waape upya, vidole vya mtoto vikiwa ndani ya mkono wa joho. Ila mtoto asikiachie kiti kwa hiari yake, hata kwa neno moja. Akikiachia, basi tena."

Kaymazi, amiri aliyetawala kwa niaba ya mtoto, alipoambiwa alicheka.

"Huyu wa sasa halii, wala haombi kukojoa katikati ya baraza. Mwache akae."

"Bwana Mkubwa, yule si mtu!"

"Kwani mimi nilikwambia nataka mtu?"

Lakini Idi ilikuwa karibu, na siku ya Idi maamiri huapa upya, Kaymazi atake asitake. Zumurudi hakuwa na tumaini jingine. Mwenyewe alikuwa hoi, wiki tatu hajalala usingizi wa maana.

Asubuhi ya Idi akambeba Sunkuri hadi nyuma ya pazia, akamvika joho, akakiongoza kiganja chake polepole ndani ya mkono ule mrefu, kikapita kiwiko, kikapita palipokuwa na pamba ambayo aliitoa yeye mwenyewe jana yake, na harufu ya udongo ikapanda, na huko ndani kitu kikasogea kumpokea.

Mtoto akasita. "Yaya, kuna mtu humu."

"Msukume, mwanangu. Hapo ni pahali pako. Msukume!"

"Kanishika. Anasema nimechoka. Anasema nikalale, atakaa yeye."

"Usimjibu! Sunkuri, usimjibu, nakuomba."

Sunkuri akamlalia kifuani, mwepesi, macho yakifumba.

"Nishamwambia ahsante," akasema.

Nje ya pazia, amiri wa kwanza alikuwa tayari amepiga magoti, anaapa.