Zamu ya Mbele

Fundi alirudi kutoka mazoezini mgongo umelowa chapachapa na kifua kikavu. Mama yake, aliyemfungulia mlango, alimtazama mbele, akamgeuza akamtazama nyuma, kisha akachungulia nje ambako mvua ilikuwa ikimwagika kama imetumwa.

"Wewe umepita wapi?"

"Barabarani, mama. Kwani kuna njia nyingine?"

Alijibu kwa jeuri kwa sababu alikuwa na furaha. Saa yake ya mkononi ilimwambia kuwa hajawahi kukimbia hivyo tangu azaliwe.

Tuseme ukweli mapema: Fundi alikuwa na wivu. Alishona nguo za watu mchana kutwa, aliamka alfajiri kukimbia, na kila marathoni ilipofika alivitazama visigino vya mdogo wake. Huyo mdogo alikuwa muuguzi. Alikesha wodini, alikula ovyo, alikimbia huku anacheka, na bado alikuwa mbele. Watu walimsimamisha Fundi mtaani, "Wewe si dada yake yule mkimbiaji?" Naye alitabasamu, roho inamuuma.

Walifanya mazoezi pamoja, na walikuwa na desturi yao. Upepo ukiwa mkali, mmoja hutangulia kuukinga na mwenzake hujificha nyuma ya mgongo wake. Aliye mbele akichoka hujipiga kofi pajani, na wa nyuma hupita kupokea zamu. Hawakuhitaji kusemeshana.

Asubuhi ile muuguzi alikuwa kazini. Fundi alikimbia peke yake, mvua ndiyo kwanza ikianza kumchapa usoni, akasikia nyayo tupu nyuma yake, chap, chap, zikienda sawa na zake. Kwa mazoea, bila hata kugeuka, akajipiga pajani.

Kilichopita mbele hakikuonekana. Ilikuja harufu ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye beseni, kisha mvua ikaacha kumgusa kifuani. Mbele yake maji ya barabarani yakawa yanaruka chini ya miguu ambayo haikuwepo. Mtu mwenye akili zake angegeuza akakimbilia kwao. Fundi alitazama saa yake, akakaza mwendo.

Kuanzia hapo akawa anasingizia mishono ya wateja ili asikimbie na mdogo wake.

"Dada, umenisusa?" muuguzi alimuuliza jikoni.

"Nina kazi."

"Una kazi au una mtu?" Muuguzi alicheka, kisha akakunja pua na kushusha sauti. "Mbona chumbani kwako kunanuka hivyo? Na jana ulipokuwa dukani, nani alikuwa anatembea humo ndani?"

"Panya."

"Panya wa kulowesha sakafu?"

Fundi akachukua mkasi wake akaondoka.

Siku ya marathoni dhoruba iliangusha mabango, na wakimbiaji wengi waliishia njiani, lakini Fundi alikimbia kifua kikavu na nyayo zile zikimtangulia, na alikuwa na hakika kwamba mwaka huu atavunja muda wake bora na kumpita mtu fulani, mpaka alipomfikia mtu huyo na kumwona amechoka, ameinamia upepo, anageuza shingo, anamwona dada yake nyuma na kucheka kwa nafuu, kisha anainua mkono juu ya paja, na hapo Fundi akajua kitakachotokea, akafungua kinywa apige kelele, akafikiria pumzi atakayoipoteza na maelezo atakayotakiwa kuyatoa, akakifunga. Kofi likalia. Mvua ikampiga Fundi kifuani kama ndoo ya maji, na mdogo wake akachomoka nyuma ya nyayo zile.

Alivunja rekodi yake, huyo muuguzi, na picha yake ikatoka magazetini. Ila miguu haikusimama tena. Alilazwa kitandani ikawa inakimbia chini ya shuka, asubuhi, mchana, usingizini, mpaka nyayo zikachubuka na moyo ukawa unagonga vibaya. Madaktari wa hospitali yake mwenyewe walimpima, wakatikisa vichwa, wakamrudisha nyumbani.

Ndipo mama alipomleta mtaalamu, bibi mmoja asiyependa porojo. Alinusa chumba, akakaa chini.

"Huyu jini hakuja mwenyewe. Alikaribishwa. Aliyemkaribisha ndiye atakayemfukuza."

Shuka lilikuwa likirukaruka tu.

"Ni mimi, bibi," Fundi alinong'ona.

Mama yake akashika kichwa. Mtaalamu hakushangaa. "Shika mguu wake. Sema: toka, nenda zako, usirudi. Usiongeze neno. Harakisha, huyu mtoto hafiki jioni."

Fundi aliushika mguu uliokuwa unamponyoka, na wallahi alikusudia kusema hivyohivyo, kwa sababu alimpenda mdogo wake na aliogopa kumzika, lakini harufu ile ikamjia puani, akakumbuka mvua ilivyompiga, akakumbuka jinsi kitu kile kilivyomwacha bila hata kusita, kama watu wote wanavyomwacha, kikaenda kwa yuleyule wanayemwendea wote, na wivu ukampanda mpaka ukamziba masikio.

"Hata wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Hata wewe ulimchagua yeye." Kisha akapaza sauti, "Rudi kwangu."

Miguu ikatulia. Muuguzi akafumbua macho, akavuta pumzi ndefu, akaanza kulia.

Mama akamwangukia Fundi shingoni. "Mwanangu! Umejitwika balaa la mwenzako! Nani ana moyo kama wako?"

"Dada," muuguzi alisema, akimbusu mkono, "nitakulipa nini mimi?"

Mtaalamu alikuwa anakusanya vitu vyake haraka, bila kumtazama Fundi usoni. Fundi akawaacha wamlilie. Magoti yalikuwa yameanza kumcheza chini ya gauni, kwanza taratibu, kisha kwa kasi, naye hakuyazuia. Kwa mara ya kwanza maishani, kitu kilikuwa kimemwacha mdogo wake kikamfuata yeye.