Vijiko Sita vya Chumvi

Kila Jumatano, masomo yalipokwisha, wanafunzi wa darasa la sita walijifungia katika chumba cha vifaa, wakatundika mablanketi dirishani kuzuia kelele, kisha wakarekodi podikasti yao ya sayansi kwa simu ya mwalimu. Kipindi kilitumwa kwa wazazi, na jioni watoto walidurusu kwa kusikiliza huku wakiosha vyombo.

Kipindi cha kwanza, kuhusu mapafu, kiliandikwa na binti aliyebandikwa jina la utani Bati kwa sababu ya sauti yake kavu. Alikitafutia habari maktabani wiki nzima, kisha akakirekodi. Kilipotoka, sauti yake haikuwamo. Kiranja wa darasa alikuwa amekirekodi upya peke yake, akamalizia, "Utafiti huu nimeufanya mimi."

"Sauti yako ingewatia watu homa," alimwambia Bati mbele ya wenzao. Darasa likaangua kicheko.

Bati hakulia. Aliimeza hasira, nayo ikamkaa kifuani kama mwiba wa samaki. "Atanitambua," alijisemea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama. Alimchekea kiranja, akambebea vitabu, akajitolea kumwandikia kipindi kingine: jinsi ya kumsaidia anayeharisha. Kwenye karatasi akageuza vipimo makusudi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya chumvi, nusu kijiko cha sukari. Mwalimu angekisikiliza darasani kabla hakijatumwa, kiranja angeumbuka, na safari hii angechekwa yeye. Kila alipoiwaza siku hiyo, Bati alitabasamu peke yake.

Kiranja alisoma yote bila kushtuka, kwani hakuwa amejifunza lolote. Mwalimu aliitwa mkutanoni kabla ya kukisikiliza, akaiacha simu, na kiranja, kwa pupa ya sifa, akakituma mwenyewe.

Jioni Bati alipita kwa mama yake mdogo, fundi cherehani. Mtoto wa mama mdogo, wa miezi kumi, alikuwa amelala mkekani, midomo imemkauka. Simu ilikuwa mezani, kando ya jagi la maji, na sauti ya kiranja ilikuwa ikiaga wasikilizaji.

"Afadhali umekuja," mama mdogo alisema. "Anaharisha tangu asubuhi. Mshike kichwa nimnyweshe. Kipindi chenu alichonitumia mama yako kimenifaa."

Bati alilivuta jagi kando. "Mama mdogo, usimpe."

"Kwa nini? Si mmefundishwa shuleni?"

"Vipimo nimevigeuza mimi. Chumvi ni nusu kijiko, sukari ndiyo sita. Nilitaka kumkomoa kiranja."

Mama mdogo akamwaga jagi lote. Walichanganya upya, wakamnywesha mtoto kidogokidogo njia nzima hadi zahanati. Muuguzi alisema wamewahi. Pale pale barazani Bati alimpigia mwalimu simu, akaeleza yote. Kipindi kikafutwa na wazazi wakaonywa kabla jua halijazama.

Kesho yake kiranja alisimama mbele ya darasa, akakiri kuwa kipindi cha mapafu hakikuwa chake, akavuliwa ukiranja. Bati naye alikiri kosa lake, na hakuna aliyecheka. Kisha akarekodi vipimo sahihi kwa sauti yake mwenyewe.

Mwalimu alimbakisha nyuma. "Ulidhulumiwa, na ungeniambia, ningekurudishia haki yako siku ile ile," alisema. "Lakini kumbuka, mwanangu: wanaokusikiliza wanakuamini. Ulimlenga mmoja, ukakaribia kumuua ambaye hata jina lako hajui kulitamka."