Aliinama Kutoa Heshima, Mdogo Wangu Akaona Jiwe

Nina miaka thelathini na mmoja, na nyumbani kwangu hapa Kamina kuna mtoto ambaye mpaka leo hana jina. Anatembea, anaongea, anaiba sukari, lakini jina hana. Tunamwita Bebe. Majirani wakiniuliza kwa nini, huwa nawaambia waende wakachunge vyungu vyao. Ninyi wasomaji nitawaambia, maana nimechoka kubeba jambo hili peke yangu.

Mimi ni mtoto wa kambi ya reli. Baba alikuwa fundi wa breki za mabehewa, mama alikaanga mikate ya mafuta na kuiuza stesheni. Sisi wa kambi tulitoka kila upande, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Mila za vijijini tulizisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Mdogo wangu Trésor nilimlea mimi. Nilimbeba mgongoni mpaka wenzangu wakanicheka kwamba nimezaa kabla ya kuvunja ungo.

Mume wangu Ilunga ni Muluba wa kijijini, wa ukoo wa wakulima Wakatoliki. Nilipoolewa, shangazi zake walinung'unika: msichana wa kambi, Kiluba hajui, kupiga magoti hajui, atatupikia nini huyu? Aliyewanyamazisha ni baba mkwe wangu, Tata Ngoy. Alisema, "Mutoto wa bantu ni mutoto wa bantu. Atajifunza." Mtoto wa watu, basi. Tangu siku ile nilimpenda mzee yule kama baba yangu mzazi.

Yeye ndiye aliyenifundisha heshima za kwao. Ukifika mbele ya mkubwa husimami wima kama mti. Unavua kofia, unapiga makofi taratibu, unajishusha. Na kama ni mtu wa utawala, unainama mpaka chini, unachukua udongo kidogo na kujipaka kifuani. Vijana wengi wameacha. Tata Ngoy hakuacha. Kwake yeye, hata karani mwenye mhuri alistahili udongo. Nilikuwa namtania, "Tata, utamaliza bulongo yote ya Kamina." Anacheka, anajipangusa.

Trésor hakuwahi kumwona. Siku ya mahari alikuwa Bukama akitafuta kazi ya kupakua samaki kwenye mitumbwi. Hakupata. Reli nayo haikuwa ikiajiri mtu. Ndipo akaingia polisi, na mama akapika kuku, na sote tukafurahi. Kijana wetu ana kazi ya serikali!

Nilimuuliza wanafundishwa nini. Akasema wanatembezwa uwanjani jua kali wakiimba, wanapiga saluti, wanasafisha bunduki. Nikauliza, na kuongea na watu? Na kumzuia mtu bila kumuumiza? Akacheka. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi dada yake, "ile haiko kazi ya chaki. Utayua mbele kwa mbele." Muda mfupi baadaye walimpa yunifomu ya mtu mnene kuliko yeye, wakampeleka barabarani.

Nikajifungua mtoto wa kiume. Ilunga alisema ataitwa Ngoy, jina la babu yake. Na katika ukoo wao, mwenye jina lazima aje mwenyewe, amshike mtoto, amwite jina lake mara ya kwanza. Kabla ya hapo mtoto ni mgeni tu. Tukatuma habari kijijini. Tata Ngoy akajibu kwamba anakuja na baiskeli yake, na kuku mweupe wa sherehe ya jina.

Siku aliyokuja, asubuhi, vijana wa pikipiki waligombana na polisi karibu na soko. Pikipiki moja ilikuwa imekamatwa, maneno yakawa mengi, mawe yakarushwa. Askari mmoja alipasuka paji la uso. Ilipofika adhuhuri vijana walikuwa wametawanyika, lakini polisi walifunga barabara pale inapokatiza reli, na walikuwa na hasira na woga. Mimi sikujua. Nilitoka na mtoto mgongoni kwenda kumpokea babu yake.

Nilimwona kwa mbali, upande wa pili wa reli. Alikuwa anasukuma baiskeli, kuku amefungwa nyuma. Askari wakapiga kelele, "Simama!" Akasimama. Akaegemeza baiskeli vizuri, maana alikuwa mtu wa taratibu. Akavua kofia. Akapiga makofi. Halafu akainama kuchukua udongo...

Jamani, mngefanya nini? Mimi nilikimbia. Nilipiga kelele kwamba huyo ndiye baba yetu, "Njo tata! Njo tata yetu! Anaheshimu tu!" Nilikuwa mbali, na mtoto alikuwa analia.

Askari mmoja alimrukia na kumpiga kwa kitako cha bunduki, hapa, nyuma ya shingo. Mzee hakuinuka. Askari akampiga tena. Nilipofika, yule askari aligeuka, na yunifomu ilikuwa kubwa kuliko mwili wake.

Alikuwa Trésor.

"Yaya," akasema, "alikuwa anaokota jiwe."

Nikamfungua mzee kiganja. Kilikuwa na udongo tu.

Tata Ngoy hakufa siku ile. Alilala hospitali, macho wazi, mwili umekufa ganzi, ulimi mzito. Kila siku nilimpelekea mtoto nikamlaza kifuani pake. Nikamwomba aseme neno moja tu, jina lake mwenyewe. Midomo ilitikisika, sauti haikutoka. Ilunga alikaa pembeni akiniangalia, na mimi nilijua anaona nini. Aliona uso wa Trésor kwenye uso wangu, maana tunafanana.

Komanda wa polisi alisema mzee alianguka kwenye baiskeli. Mama yangu akaja usiku na mchana akilia. "Sema alianguka, mwanangu. Mzee hawezi kusema, polisi wenzake hawatasema, ni weye peke yako uliona. Utamuuza ndugu yako?" Trésor naye alinipigia magoti. Alisema hakuna aliyemfundisha lolote zaidi ya neno moja: "Banatuambiaka, muntu akiinama iko anaokota jiwe. Umupige mbele hajasimama." Nilimwamini. Mpaka leo namwamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tata Ngoy akafariki bila kutamka jina. Kwenye kikao cha ukoo niliulizwa, nikasema ukweli wote, mbele ya mama yangu. Sikuweza kumzika mzee yule na uongo juu yake. Ukoo ukayafikisha maneno yangu kwa wakubwa wa serikali, na Trésor akakamatwa.

Na nilipata nini? Mama akanifukuza kwake. Alisema nimempeleka mtoto wake kasho, gerezani, kwa mdomo wangu. Shangazi za Ilunga wakasema dada wa muuaji hawezi kulea jina la marehemu. Ilunga hakunipiga, hakunitukana. Alimfungua yule kuku mweupe aliyekuwa bado kwetu, akamwacha aende zake, kisha akapanda baiskeli ya baba yake na kurudi kijijini. Hajarudi. Nilimtumia ujumbe kwamba mtoto ameanza kutembea. Akajibu kwamba jina amelizika na baba yake.

Trésor hakukaa ndani muda mrefu. Walisema alifuata amri. Wakamhamishia kituo kingine.

Majuzi alikuja. Alisimama getini, amekonda, hakuthubutu kuingia. Bebe alikuwa anacheza miguuni pangu. Trésor akavua kofia, akapiga makofi taratibu, kisha akainama mpaka chini, mkono ukagusa udongo.

Niliruka nyuma. Nilimvuta mtoto mpaka akaanguka. Mimi, niliyefundishwa heshima ile na Tata Ngoy mwenyewe!

Trésor alibaki ameinama, udongo mkononi. Nilimuuliza kama sasa wamemfundisha kazi. Akatikisa kichwa. "Hapana, yaya. Bapya banakuya, njo minyi ninabaonyesha." Yaani askari wapya wanakuja, na yeye ndiye anayewaonyesha kazi. Nikafunga mlango.

Wazazi wenzangu, mtoto wako akirudi na yunifomu, usikimbilie kuchinja kuku. Muulize amefundishwa nini. Muulize mtu akiinama mbele yake atafanya nini. Kama hana jibu, mvue nguo ile hata kwa kumng'ang'ania, kabla hajakutana na mzee wa mtu. Na ninyi mnaowapa bunduki, mnawapa haraka ya nini? Sidhani mtanisikia. Hata mama yangu hakunisikia.

Jana Bebe aliulizwa na mtoto wa jirani anaitwa nani. Akakimbia ndani kuniuliza mimi.