Ubavu wa Nyuma wa Tanuru

Winnie aliamka jogoo wa pili, kama ilivyokuwa desturi yake. Akafagia uwanja, akaenda mtoni mara mbili, akanywa uji huku amesimama, kisha akachukua ndoo na kushika njia ya shule. Ilikuwa Jumamosi, lakini mwaka huo Jumamosi ya kulala haikuwepo. Sekondari ya kata yao, huku upande wa Makere, ilikuwa inajenga karakana ya ufundi.

Mwalimu Melkiadi alikuwa amewaeleza jambo hilo mstarini mpaka wakalikariri. "Serikali imetutengea fedha ya bati, sakafu, cherehani na meza za useremala," alisema. "Ila fedha hiyo ina masharti. Ni ya karakana tu. Hata choo kikibomoka leo, haiguswi. Kuta ni kazi yetu sisi na wazazi. Tufyatue matofali, tuyachome, na mhandisi wa halmashauri ayakague kabla hatujajenga. Mwaka wa fedha unafungwa mwisho wa Juni. Tukichelewa, fedha inarudi ilikotoka, nasi tunabaki na mtaro wa msingi wa kufugia vyura."

Wanafunzi walicheka. Winnie hakucheka. Dada yake alimaliza kidato cha nne bila kujua kazi yoyote ya mikono, na sasa alikuwa anapalilia maharage ya watu. Winnie aliitaka cherehani ile kama mwenye kiu anavyoyataka maji.

Uwanjani alimkuta Mzee Bazilio, mchoma matofali, akizunguka tanuru. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka arobaini, na hakuona vizuri kilicho mbali.

"Mwakeye, Babu," Winnie alimwamkia.

"Mwakeye, mjukuu wangu. Kitendawili!"

"Tega!"

"Ng'ombe wangu namlisha kuni, ananizalia mawe."

"Tanuru!" akajibu pamoja na wanafunzi wenzake waliokwisha kufika.

"Basi ng'ombe huyu anataka blanketi. Mkandikeni udongo pande zote. Mkiacha upenyo, moto unatoka kama mwizi, na matofali ya hapo yanabaki mabichi."

Kidato cha kwanza walipewa ubavu wa nyuma, unaotazama bondeni. Walikandika mpaka pale mikono yao ilipofikia, wakaenda kunawa. Sehemu ya juu ilihitaji ngazi, na Winnie, aliyekuwa kiranja wao, akasema ataimalizia.

Mchana ule kulikuwa na mechi ya netiboli kule Titye, na Winnie ndiye mfungaji. Gari lilikuwa linaondoka saa nane. Alipopanda ngazi alisikia honi. Akapaka viganja vitano, akatazama kipande kilichobaki. Kilikuwa kikubwa kama mlango. Lakini nani hupita bondeni? Akashuka.

"Umekandika mpaka juu, mjukuu?" Mzee Bazilio aliuliza, ameshika kijinga cha moto.

"Mpaka juu kabisa, Babu."

Mzee hakwenda kutazama. Aliwasha moto. Winnie akakimbilia gari, na siku hiyo akafunga mabao tisa.

Moto uliwaka siku nne, tanuru likaachwa lipoe wiki nzima. Siku ya kulifungua, kijiji kizima kilikuja, na mhandisi wa halmashauri, Bi Mwanaamina, alikuwepo na ndoo yake ya maji. Matofali ya mbele yalikuwa mekundu. Watu wakapiga vigelegele. Walipofika ubavu wa nyuma, vigelegele vikakatika. Kule juu matofali yalikuwa ya kijivu kama majivu ya jana. Bi Mwanaamina alitumbukiza moja ndani ya ndoo. Likavimba, likapasuka, likawa tope.

"Haya siwezi kuyapitisha," alisema kwa upole. "Na bila haya hamfikishi idadi ya kutosha kuta nne. Nitarudi tarehe ishirini Juni. Siku hiyo nisipoona matofali kamili, nitaandika kwamba shule haikutimiza masharti."

Alipoondoka tu, maneno yakaanza.

"Nilisema tukachukue fundi kule Kibondo!" alifoka Hilali, mwenye duka, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. "Mzee huyu macho yameisha. Anachoma kwa kunusa!"

"Labda alisinzia," mwingine akadakia. "Pombe nayo ina utamu wake."

Watu wakacheka. Mzee Bazilio alivua kofia, akaikunjakunja mikononi. "Huenda nilikosea mahali," alisema. "Nisameheni." Akaokota jembe lake, akaondoka peke yake, akipapasa njia kwa mpini.

Winnie alitaka kumfuata, lakini akajificha nyuma ya wenzake. Kesho yake mstarini Mwalimu Melkiadi aliwasifu wanafunzi kwa bidii yao. "Sisi tulitimiza wajibu wetu," alisema. Wenzake walipiga makofi. Winnie alitazama vidole vyake vya miguu. Nyumbani mama alipika maharage mabichi anayoyapenda, naye akayageuzageuza tu sahanini.

Siku tatu alikaa hivyo. Kila mtoto alipoigiza njiani mwendo wa Mzee Bazilio wa kupapasa, Winnie aliona kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Siku ya nne alikwenda kwa mzee. Alimkuta ameketi kizingitini, akikata mpini wa jembe la mtu.

"Ah, mfungaji wetu! Karibu. Kitendawili!"

"Tega, Babu," Winnie alijibu kwa sauti ndogo.

"Nimemficha mgeni nyuma ya nyumba, kutwa kucha ananila mimi."

Winnie alijua jibu. Machozi yakamtoka kabla ya neno. "Ni kosa, Babu. Na mimi ndiye niliyelificha. Sikukandika juu. Nilikuwa nawahi gari."

Mzee aliweka kisu chini. "Siku zile zote nilikuwa nalitafuta kosa langu," alisema. "Nilidhani mikono yangu imezeeka." Akapangusa macho. "Mimi umeniambia. Lakini walionicheka walikuwa wengi."

Winnie alielewa. Jumapili wazazi walipokutana uwanjani, alisimama mbele yao. "Mzee Bazilio hakukosea. Aliniuliza kama nimemaliza, nikamdanganya. Ule upenyo ni wangu."

Mama yake aliinamisha kichwa. Hilali alikohoa, akageuka kwa mzee. "Mzee wangu, nami nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nisamehe mbele yao."

"Yameisha," alisema Mzee Bazilio. "Matofali yaliyoiva nusu hurudi motoni. Nipeni kuni."

Walijenga tanuru dogo. Siku ya kulikandika kulikuwa na netiboli tena; wenzake walienda, Winnie akabaki, ingawa hakuna aliyemkataza kwenda. Alipanda ngazi ileile, ubavu uleule unaotazama bondeni.

"Umekandika mpaka juu, mjukuu?" mzee aliita kutoka chini.

Watu waliokuwa karibu waliacha kazi, wakamtazama.

"Bado, Babu. Pamebaki kama kiganja."

"Basi nangoja," mzee alisema, akaketi juu ya kuni.

Tarehe ishirini Bi Mwanaamina alirudi na ndoo yake. Tofali lililala majini nusu saa, likatoka zima. Akagonganisha mawili, yakalia kama kengele. Akatia sahihi. Kisha akamwita Winnie, maana habari zilikuwa zimemfikia.

"Mwanangu, watu hudhani masharti haya yamewekwa kuwakomoa. Yamewekwa kwa sababu chini ya ukuta huo watakaa watoto, na ukuta wa matofali mabichi huua. Lakini mimi mkaguzi huja mara mbili au tatu tu. Siku nyingine zote mkaguzi ni moyo wa anayefanya kazi. Ulikosea kuacha upenyo, ukakosea zaidi kumwachia mzee aibu yako. Uliporudi kuichukua, hapo ndipo ulipoanza kujenga. Umesikia?"

"Nimesikia, shikamoo," Winnie alijibu, akachanganya maneno kwa haya, na watu wakacheka, safari hii bila ubaya.

Mzee Bazilio naye alicheka. "Haya, chukueni matofali. Na wewe mfungaji, njoo na ngazi yako."