Mashahidi wa Shamba la Ferréol

Harufu ya udongo mbichi ilianzia kwenye supu. Léontine, karani wa ofisi ya meya wa Brézac, aliimwaga yote akapika upya, na harufu ikabaki palepale. Baba yake, mzee Anselme, alisukuma bakuli.

"Umenipikia kaburi?"

Tangu Jumatatu mzee hakuwa amemeza kitu. Siku hiyo ndiyo Léontine alipoandika, katika kitabu cha historia ya kijiji, kwamba shamba la kando ya kijito ni la ukoo wao wa Chabrol tangu zamani. Wino haujakauka, jembe likaanza kugonga chini ya sakafu ya jiko. Ngo. Ngo. Mchana kweupe!

Akakimbilia kwa Zélie, bibi anayeunga mifupa na kupoza majeraha ya moto.

"Ni Ferréol," Zélie alinong'ona. "Alirudi kutoka vitani akakuta jiwe la mpaka wa shamba lake limesogezwa hatua arobaini. Nani angemsikiliza, na aliyelisogeza ndiye baba yako, meya wa wakati ule? Akajinyonga ghalani."

"Nifanye nini, bibi?"

"Chimba pale jiwe lilipokuwa zamani. Wazee walikuwa wakivunja kigae vipande vitatu, wanavizika chini ya jiwe la mpaka viwe mashahidi. Jiwe huhamishwa, mashahidi hawaondoki. Mwoneshe baba yako, akiri kwa mdomo wake kabla jua halijazama."

Anselme aliposikia alicheka kwa hasira. "Nikiri? Kwa maiti? Ning'oe ulimi kwanza, we mtoto!"

Ngo, chini ya kiti chake.

Léontine alimpenda mno baba yake, hata na uongo wake. Akabeba sururu, akahesabu hatua arobaini kutoka kwenye jiwe, akachimba huku analia, pumzi ya mtu asiyeonekana ikimpiga shingoni kila alipoinama, pumzi baridi yenye harufu ileile ya supu, mpaka sururu ikagonga kigae. Vipande viwili. Akapekua shimo kwa kucha, cha tatu hakuna. Jua lilikuwa limeshuka, akavitia kwenye aproni akakimbia.

"Baba, nimewapata! Sema tu, baba, sema!"

Mzee alikuwa mezani, macho wazi, taya zimeachama. Kooni kilikuwa kimekwama kigae chekundu chenye udongo mbichi. Léontine alikichomoa, akakiweka kando ya vile viwili. Vikashikana bila ufa.

Kimya. Alidhani kisasi kimeshiba.

Kisha jembe likagonga, safari hii chini ya meza yake ya kuandikia, pale kitabu kilipokuwa wazi, na ile sentensi ya shamba hakuwa ameifuta.