Alama za Evarista

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, duka la simu pale Randburg, Johannesburg, lilijaa watu mpaka mlangoni. Evarista alikuja kuomba simu ya mkataba, ya kulipia kidogo kidogo kila mwezi, na alijipamba kwa ajili hiyo: koti la rangi ya haradali, sketi ya kijani iliyomkaa vizuri kiunoni, na viatu vya visigino vilivyokuwa vikimtesa tangu kituo cha basi. Alijua fika kwamba kompyuta haitazami viatu. Alivivaa hivyo hivyo.

Binti wa kaunta alipiga namba ya kitambulisho, akangoja, akakunja uso.

"Dada, wamekukataa. Alama zako za mkopo ziko chini sana. Mia nne themanini na saba." Akageuza kioo cha kompyuta amwonyeshe, kana kwamba Evarista amebisha. "Una madeni matatu hujalipa."

Yule binti alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele. Evarista akahisi masikio yanawaka. Akageuka haraka kuangalia ni nani amesikia. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye suruali iliyonyooka kuliko zote mle dukani, nyaya nyeupe za muziki masikioni, macho yameganda kwenye simu yake. Afadhali, akajisemea. Huyu yuko na muziki wake.

Akatoka mbio. Mlangoni kisigino kikanasa kwenye pindo la sketi, nyuzi zikafumuka, na Evarista, aliyekuwa karibu kulia, akaiambia sketi kwa Kiswahili, "Hata wewe?"

"Na sketi inasikia Kiswahili?"

Ni yule kijana. Nyaya zilikuwa zinaning'inia shingoni sasa. Akachomoa sindano yenye uzi kwenye ukosi wa shati lake.

"Mi ni fundi cherehani, dada. Simama tu vile. Dakika mbili."

"Mbele za watu wote hawa?"

"Watu bako na shida zao. Jina ni Elisée. Wa Bukavu."

Alishona amepiga goti, watu wakiwapita kulia na kushoto. Alipomaliza akaomba namba ya simu, akaiandika kwa chaki ya ushonaji ndani ya koti lake. Evarista akacheka, mara ya kwanza siku ile. Akaona ni mbwembwe za kumtongoza, na hazikumchukiza.

Basi wakaanza. Evarista alikuwa mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya macho huko Braamfontein, na Elisée alikuwa na chumba cha kushonea ghorofani, mtaa wa tatu kutoka lile duka la simu. Kila mchana simu iliita.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Eish. Mtanzania na siri zake."

Alikuwa akitania, lakini neno siri lilimchoma Evarista kila aliposikia. Alimpenda Elisée. Alipenda vidole vyake vyenye alama za sindano, na jinsi alivyomwita mama ingawa hakuwa mama wa mtu. Na kadiri alivyompenda ndivyo alivyoona haya kumweleza kwamba mwanamke huyu nadhifu, anayewapanga wagonjwa kwa sauti ya upole, maduka yote ya Johannesburg yanamwona mdaiwa sugu.

Tena, kisa chenyewe kilikuwa cha kijinga. Baba yake, Thabo, alikimbilia Tanzania enzi za ubaguzi, akaoa Iringa, akarudi kwao na mke na mtoto. Alizoea kumwambia binti yake kwamba Watanzania walimpokea bila kumdai karatasi. Evarista alikua na maneno hayo. Kwa hiyo kanisani, Murielle wa kwaya alipomwambia kwamba maduka hayampi friji kwa mkopo kwa kuwa ana karatasi ya ukimbizi tu, Evarista akamwazima jina. Ndivyo walivyoita pale kanisani, kuazima jina: wewe mwenye kitambulisho unatia sahihi, mwenzako anachukua kitu, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuletea pesa ya kupeleka dukani. Baada ya friji yakaja makochi. Baada ya makochi ikaja simu. Murielle alileta pesa mwaka mzima bila kukosa, mpaka akahamia Cape Town kumfuata mume, na simu yake ikaacha kupatikana.

Barua za maduka zilipoanza kuja, Evarista alizitia kwenye droo bila kuzifungua. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba kosa la Murielle lilikuwa moja na lake lilikuwa kila mwezi. Na ukweli mwingine hakupenda hata kuufikiria. Alikuwa akiona fahari kuitwa dada mwenye kitambulisho.

Baada ya aibu ya dukani alifungua droo. Aliagiza taarifa yake ya mikopo, ile wanayompa kila mtu bure mara moja kwa mwaka, akaisoma chooni kazini mlango umefungwa. Akayapigia maduka simu moja moja, wakakubaliana alipe kidogo kidogo. "Lipa kwa tarehe, mama, kila mwezi, usiruke," mwanamke wa duka la friji alimwambia. "Hakuna njia ya mkato." Ili apate cha kulipa, akaomba kazi ya kupiga pasi kila Jumamosi kwenye duka la dobi Sandton, mwendo mfupi kutoka Alexandra alikoishi na shangazi yake Nomsa. Akamdanganya Elisée kwamba siku hizo anasoma kompyuta.

Alama zikaanza kupanda. Mia tano na kumi na mbili. Mia tano arobaini. Hakuwa na wa kumwambia.

Oktoba, Elisée alimwita kwenye chumba chake cha kushonea. Juu ya meza ya kukatia vitambaa palikuwa na fomu ya pango.

"Vyumba viwili, hapa hapa Randburg," alisema. "Dirisha kubwa, cherehani itapata jua. Lakini banataka mwenye kitambulisho cha hapa. Yangu ni karatasi ya ukimbizi, unajua. Jina lingekuwa lako, kodi tutalipa wote."

Evarista alitazama ile fomu. Mstari wa tatu uliomba ruhusa ya kukagua rekodi ya mikopo.

"Kitambulisho kimepotea," alisema.

"Lini?"

"Juzi. Kwenye basi."

Elisée aliushika mkono wake wa kulia, akapandisha mkono wa blauzi. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na alama ya kuungua, imenyooka, nyekundu bado.

"Hii?"

"Mafuta. Nilikuwa nakaanga samaki."

"Chérie." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mafuta inarukaka, inaacha madoa. Hii imenyooka. Mi ninachomekaka na hii kitu kila wiki. Ni pasi."

Evarista akauvuta mkono.

"Niambie tu ukweli. Kitu kimoja cha kweli, ata kidogo."

"Unanishuku nina mwanamume mwingine?"

"Mi sijasema mwanamume."

"Basi unataka nini?"

"Mwanamke ambaye atasema na mimi." Akaikunja fomu, akaitia kwenye droo ya cherehani. "Ukiweza, utakuja."

Evarista alishuka ngazi akiwa na hasira, na hasira ikamfikisha hadi kituo cha basi. Hapo ikaisha, ikabaki aibu. Kitambulisho kilikuwa ndani ya mkoba wake, kama kawaida.

Wiki tatu simu haikuita mchana. Shangazi Nomsa aliuliza mara mbili mkwe yuko wapi, kisha akaacha kuuliza, akawa anamwekea nyama kubwa zaidi kwenye sahani. Evarista alipiga pasi mashati ya wanaume asiowajua na kwenye kila mshono alimwona Elisée. Mara kumi alishika simu ampigie. Angesema nini? Kwamba ni mwongo, au kwamba ni mdaiwa? Aliona afadhali aachwe na mtu anayemdhania mabaya kuliko kubaki na mtu anayemjua.

Kisha barua ya duka la friji ikaja. Hii aliifungua palepale getini. Deni limekwisha, walimthibitishia, na wataifuta alama mbaya kwenye rekodi yake. Aliisoma mara tatu, furaha ikampanda kifuani, akageuka amwambie mtu, na mtu hakuwepo. Hapo ndipo alipoelewa kwamba siri yake imeanza kumgharimu kuliko madeni yote matatu.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, alipanda ngazi za Randburg akiwa na koti lile lile la haradali. Elisée alikuwa akikata kitambaa. Akaweka mkasi chini.

Evarista hakukaa. Alitandika karatasi juu ya meza: taarifa ya mikopo, barua ya friji, kitambulisho juu ya vyote.

"Soma," alisema. "Nikieleza nitalia, halafu utanionea huruma, na sitaki huruma."

Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Evarista alisimama ameangalia vipande vya vitambaa sakafuni. Alitamani sakafu immeze.

"Friji, makochi, simu," Elisée alisema mwishoni. "Uliazima mtu jina."

"Murielle wa kwaya."

"Na pasi ni ya kulipa."

"Kila Jumamosi. Hakuna kompyuta. Sasa unajua niko namna gani. Ile siku tuliyokutana, dukani, nilikuwa ndiyo kwanza nimekataliwa. Niliona aibu mpaka nikashukuru Mungu kwamba una nyaya masikioni."

Elisée alimtazama, akaanza kutabasamu, akajizuia.

"Mama. Juu ya nini nilikuwa kwa duka la simu?"

"Sijui. Kununua simu."

"Ile yangu ilikuwa imekufa. Siku mbili haiwaki, nyaya nilivaa kwa mazoea tu. Njo maana namba yako niliandika na chaki. Muziki ningesikia wapi?"

Evarista akakaa. Kiti kilikuwa na vipande vya bitana juu yake, hakujali.

"Ulisikia?"

"Mia nne themanini na saba. Duka lote lilisikia."

"Ukanyamaza miezi yote hiyo?"

"Nilingoja useme mwenyewe. Nikaleta fomu, nikafikiri utapata pa kuanzia. Apo mi nilikosea, unisamehe. Fomu haifunguaki mtu mdomo."

"Na ulijua, na bado ukaniomba namba?"

"Nilikuomba namba ya simu. Alama zako sikuomba."

Ndipo akalia, na Elisée hakumzuia. Alimpa kipande cha pamba safi, akanong'ona kwamba madeni mawili yaliyobaki wangeweza kuyalipa pamoja kabla ya Krismasi. Evarista akatikisa kichwa.

"Hapana. Jina nililiazima mwenyewe, nitalirudisha mwenyewe. Nimepiga hesabu, ni miezi minane. Nyumba yenye jua itakuwa imepata watu wengine."

"Itapatikana ingine."

"Miezi minane, Elisée. Utaweza kungoja?"

Elisée alifungua droo ya cherehani, akatoa ile fomu, akainyoosha kwa kiganja, akaiweka chini ya kitambulisho cha Evarista.

"Mi nilishazoea," alisema. "Toka siku ya kwanza nilikuwa nimesimama nyuma yako."