Mkono Uliosita Hewani

Kila jioni baada ya masomo, wanachama wa klabu ya katuni walikutana katika chumba cha sayansi, wakafunga mapazia na kuwasha taa iliyofungwa chini ya meza ya kioo. Ukiweka karatasi juu ya karatasi pale, ya chini ilionekana wazi, nawe ukachora picha inayofuata ikiwa imesogea kidogo tu. Kisha mwalimu wa sanaa alizipiga picha zote kwa simu yake, moja baada ya nyingine, na zikichezwa kwa mfululizo, vitu vilianza kutembea.

"Kabla ya kompyuta, watu wa nchi nyingi walichora hivi hivi kwa mkono," mwalimu huyo alipenda kuwaambia. "Fundi mkuu alichora mwanzo na mwisho wa tendo, wasaidizi wakajaza picha za katikati. Watu wazima na ndevu zao walikwenda sinema wakamlilia mnyama wa wino na rangi! Na mara nyingi waliowaliza ni wale wa katikati, ambao majina yao hayakuonyeshwa popote."

Chiriku alilishika neno la fundi mkuu, la majina likampita. Waliomwita Chiriku hawakukosea, maana mdomo wake haukujua likizo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hilo hatumnyimi, ila picha za katikati zilimchosha. Kazi hiyo alimwachia rafiki yake tangu chekechea, Taratibu, ambaye hata kufunga kamba za viatu alifanya kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Filamu yao ya mashindano ilikuwa fupi: bibi mgonjwa kitandani anamuaga mjukuu wake. Chiriku alichora mkono wa bibi umeinuka, kisha akauchora umelala juu ya shuka.

"Jaza hapo katikati, ushuke upesi tumalize," alisema.

"Haushuki upesi," Taratibu akajibu. "Unasita kwanza."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwepo."

Bibi aliyemlea Taratibu alifariki likizo iliyopita. Siku ya mwisho pale hospitali aliinua mkono ampungie mjukuu wake, ukasimama hewani kana kwamba umesahau ulichotaka, vidole vikajikunja, ndipo ukashuka. Taratibu aliuchora mkono ule, akaufuta, akauchora tena. Karatasi nyingine zililowa machozi ikabidi azianze upya. Chiriku aliyaona yote hayo, akasema tu, "We naye! Tutachelewa."

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa wazazi. Taratibu alikaa nyuma kabisa, akiendesha kompyuta iliyorusha picha ukutani. Mkono ulipoinuka na kusita, baba mmoja aliyekuwa akitafuna karanga aliacha taya wazi. Ulipoanza kushuka, kwikwi zilisikika huku na huku, na mama yake Chiriku akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mwamuzi, mchoraji wa katuni aliyealikwa kutoka mbali, alimwita Chiriku jukwaani na kumpa kipaza sauti. "Binti, huu mkono umenichoma moyo. Ni nani aliyeuchora?"

Hapo ndipo angeweza kugeuka na kunyoosha kidole nyuma. Lakini sifa zilikuwa zimempanda kichwani.

"Mimi," alisema.

"Na ulikuwa unamfikiria nani?"

"Marehemu bibi yangu. Aliniaga hivyo hivyo hospitalini."

Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama, na Chiriku akakabidhiwa cheti cha ushindi. Kule nyuma Taratibu aliifunga kompyuta, akatoka bila kumtazama mtu.

Mama yake Chiriku alitembea naye mpaka karibu na nyumbani. Hapo akasimama.

"Mama yangu umemuua lini?"

"Mama, nilisema tu..."

"Mama yangu yuko hai, yumo humo ndani anakusubiri. Aliye kaburini ni bibi wa mwenzio, nawe umempora mbele ya watu. Sijawahi kuona aibu namna hii."

Ndani, bibi alimpokea kwa vigelegele. "Mshindi wangu! Njoo nikukumbatie!" Chiriku alikumbatiwa, na moyo ukamuuma kweli kweli.

Asubuhi alimweleza mwalimu wa sanaa kila kitu. Mwalimu akampigia simu mwamuzi, na kwenye paredi Chiriku akasimama mbele ya shule nzima kusema kwamba mkono ule si wake, wala msiba ule si wake. Wengine walimzomea. Cheti kikaandikwa upya, jina la Taratibu likatangulia.

Baadaye alimkuta mwenzake akikusanya penseli zake katika chumba cha sayansi.

"Nisamehe, Taratibu. Naapa sitarudia."

"Nimekusamehe."

"Basi kesho tuanze nyingine. Safari hii za katikati nachora mimi."

Taratibu alitikisa kichwa. "Sichori tena. Zamani nikifumba macho nilimwona bibi ananipungia. Sasa nikifumba nakuona wewe, umeshika kipaza sauti." Akabeba mkoba wake, akaenda zake.

Chiriku alilia kwa sauti. Mwalimu wa sanaa, aliyesikia yote kutoka mlangoni, alimwacha alie mpaka alipotulia, ndipo akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Umesema ukweli, na umefanya vizuri," alimwambia. "Cheti tumekirudisha, na jina limekaa mahali pake. Lakini sikiliza, mwanangu. Kazi ya mtu ukiiba, unaweza kumrudishia. Huzuni yake ukiiba ili upigiwe makofi, huna cha kumrudishia, kwa sababu umeshaichafua. Usijiambie kwamba uliongopa kidogo tu. Yule mtoto alikuwa na kitu kimoja alichoachiwa na bibi yake, na sasa hanacho."